Bi Mashimo na Mashuka Kumi na Mawili

Hebu mfikirie anavyoingia. Ni Jumamosi asubuhi, umande bado uko kwenye majani, na yeye anasukuma geti la bati la wifi yake kwa goti, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi: mmoja umeshika jembe fupi, mwingine umebeba mkate uliofungwa kwenye gazeti. Kiunoni amechomeka kisu cha jikoni kilicholika makali hadi kikabaki chembamba kama kidole. Kucha zake ni za buluu. Usidhani amejipodoa. Ni buluu iliyozama pembeni mwa kucha na ndani ya mistari ya viganja, buluu ya miaka thelathini na moja, haitoki kwa sabuni wala kwa mchanga.

Siku nyingine akiingia hapa hasalimii kwanza. Hutazama chini, pale wifi yake anapomwaga maji ya kufulia, aone yamekwenda wapi tangu jana, ndipo anyanyue uso. Wifi yake amemzoea. Humwuliza, "Umekuja kwangu au kwa udongo?" Naye hujibu kwamba udongo angalau haumjibu mtu vibaya. Ndivyo wanavyoamkiana hao wawili, mwaka nenda mwaka rudi.

Jumamosi hii hakutazama chini. Alikuja na jambo lililomkaa kooni tangu Alhamisi. Lakini kabla sijakufikisha hapo, nivumilie kidogo nikueleze huyu ni mtu gani.

Jina la Bi Mashimo alipewa na mtaa. Mume wake, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na kituo cha basi, alilikataa wiki moja tu, kisha naye akalichukua. Wateja wakimwuliza habari za nyumbani husema, "Mimi naziba matundu, mwenzangu anayatoboa. Ndiyo maana hatukosi kazi."

Bi Mashimo anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa udongo, ng'ambo ya reli. Aliajiriwa kupika chai. Siku moja alipeleka birika shambani akamkuta daktari, daktari wa udongo huyo, si wa watu, amekaa juu ya ndoo ameshika kichwa. Wachimbaji wake walikuwa wamechimba shimo la kupendeza, kuta zimenyooka kama za kabati, halafu kwa kutaka sifa wakazisawazisha kwa sepetu hadi zikang'aa. Kila tundu la mnyoo na kila njia ya mzizi ilikuwa imezibwa. Daktari hakuweza kuona kitu. Mpika chai akachungulia, akasema bila kuulizwa kwamba wameupaka udongo siagi. Akarudi jikoni, akaja na kisu, akashuka shimoni na sketi yake, akaanza kuukwangua ukuta kwa ncha, kidogokidogo, kama mtu anayeondoa magamba ya samaki na hataki kuichana ngozi. Ilipofika saa kumi ukuta ulikuwa umefunguka matundu yake yote. Chai ilikuwa imepoa na hakuna aliyeiulizia. Kesho yake kituo kilianza kutafuta mpika chai mwingine.

Kazi yenyewe ni hii. Wanapima kipande cha ardhi, hatua moja kwa hatua moja, wanakimwagilia maji yenye rangi ya buluu polepole kama mvua ya rasharasha, wanakifunika. Kesho yake Bi Mashimo anachimba pembeni, kisha anakwangua kuelekea ndani, tabaka baada ya tabaka, na daktari anapiga picha. Buluu inaonyesha maji yalikopita.

Mimi nilikuwa nadhani maji yakimwagwa chini yanashuka yote pamoja, sawasawa, kama pazia linaloteremshwa. Bi Mashimo alinicheka. Aliniambia kwenye udongo mtupu uliolimwa huenda ikawa karibu na hivyo, lakini mahali penye mimea sahau. Chini ya nyasi, vijizizi vimesukana kama sufi na maji yanakawia humo, yanalowesha kina cha mkono mmoja na kuchoka. Chini ya mti, hatua mbili pembeni, mambo ni mengine kabisa. Shina linakusanya mvua kutoka kwenye matawi na kuiteremsha mahali pamoja. Majani yaliyooza yanaacha udongo wa juu una mafuta. Ukikauka, maji yanaukataa, yanatengeneza vidonge na kuviringika kama juu ya kikaango. Yanaviringika hadi yapate mlango. Na mlango mara nyingi ni mzizi uliokufa. Mzizi ukioza unaacha ganda lake, na ganda hilo ni bomba. Maji yakishaingia humo hayamngoji mtu. Hapo unaweza kukuta buluu imeshuka kimo cha mtu mzima, na udongo ulio kando yake, upana wa kidole tu, mkavu kabisa, haujui kama kulikuwa na mvua.

"Udongo ni nyumba," huwa anasema. "Wengine wanagonga ukuta, wengine wanajua mlango."

Sasa, wifi yake. Huyu ni dada wa fundi, mkubwa wake kwa miaka minne, na ni dobi. Anaishi kwenye nyumba ya baba yao mteremkoni, penye kisima alichokichimba marehemu baba yao kwa mikono yake. Kisima hicho si kirefu, lakini hakijawahi kukauka. Kinanywesha nyumba mbili, ya dobi na ya fundi, na ndicho kinachofua mashuka yote ya zahanati iliyo juu ya mteremko. Kama hakuna kisima hakuna dobi, wala huna haja ya kuelezwa zaidi.

Kati ya zahanati na kisima kuna safu ya mikaratusi. Mingine imesimama, mingine ilikatwa zamani na kubaki visiki. Zahanati ilikuwa inajenga wodi mpya ya akina mama, na wodi inataka shimo la maji machafu. Bwana Afya, afisa aliyekabidhiwa jambo hilo, alilipangia shimo pale kwenye mikaratusi, ambako lingekuwa kivulini na mbali na macho ya wagonjwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe na fimbo ya kupimia. Alichimba kishimo kwenye nyasi, akakijaza maji, akakaa na saa yake ya mkononi: nusu saa nzima, maji yameshuka urefu wa kidole. Udongo wa polepole, udongo mzuri, unachuja. Karatasi zake zilitaka hatua thelathini kutoka kisimani. Yeye alikuwa ameacha arobaini na sita. Alijivunia hizo kumi na sita kama mtu aliyetoa zawadi.

Dobi aliposikia, alipoteza usingizi. Alimwambia kaka yake, kaka akamwambia mkewe, na Bi Mashimo akapanda mteremko hadi ofisini kwa Bwana Afya na udongo wake viatuni. Alimweleza kwamba amepima kwenye nyasi lakini anachimba kwenye miti, na hivyo ni sawa na kumpima mguu mtu mmoja kisha kumshonea kiatu mwingine. Bwana Afya alimsikiliza kwa adabu. Akamwambia, "Mama, mimi nina saa na nina fimbo. Wewe una nini?"

Bi Mashimo alikuwa na rangi.

Wakakubaliana hivi. Yeye atamwaga madebe manne ya maji ya buluu siku hiyohiyo, Jumatatu, palepale linapotakiwa kuchimbwa shimo. Bwana Afya atachukua maji ya kisima kwenye chupa ya kioo, Alhamisi na Jumatatu itakayofuata. Buluu ikionekana, shimo litahamishwa. Isipoonekana, wachimbaji wanaanza Jumatatu hiyohiyo mchana. Na sharti moja: dobi asiambiwe. "Ni wifi yako," alisema Bwana Afya, "na mtu akijua anachokitafuta, atakiona hata kama hakipo." Bi Mashimo alikubali bila kusita, maana hata kituoni mambo huwa hivyo, anayezisoma picha haambiwi ni za shimo gani. Lilikuwa sharti la haki. Baadaye alilifikiria sana, lakini siku hiyo lilikuwa la haki tu.

Bwana Afya aliuliza kama rangi hiyo ina sumu. Akajibiwa ni rangi ileile ya peremende, na ili asiwe na shaka, Bi Mashimo akajaza kikombe akanywa mbele yake hadi chini.

Hapo ndipo alipojichongea. Ulimi wake ulikuwa buluu Jumatatu jioni, ukawa buluu Jumanne, ukawa buluu kidogo Jumatano. Fundi alipouona alimwuliza kama shimoni siku hizi wanagawa peremende. Kwa kuwa alikuwa ameahidi dobi asijue, asingeweza kwenda kule na ulimi wa namna hiyo. Akajiambia si neno. Alikuwa amepiga hesabu yake: mteremko ule, hatua zile, hata kwa njia za mizizi, buluu haiwezi kufika kabla ya Alhamisi. Akakaa kwake, na maji ya mtungini waliyoyateka Jumapili yakawatosha yeye na fundi hadi Alhamisi.

Jumatatu hiyo jioni ilinyesha mvua kubwa.

Alhamisi ulimi umesafika, akaenda. Alimkuta dobi ananing'iniza nguo za watu wengine, si za zahanati. Akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa maji yakoje wiki hii. Dobi akamgeukia haraka.

"Maji yako sawa. Kwa nini yasiwe sawa?"

"Nimeuliza tu."

"Basi umejibiwa tu."

Bi Mashimo alidhani wifi yake amekasirika kwa kuwa hakuonekana siku tatu. Bwana Afya akaja na chupa yake, akasema anachukua maji ya kupima kama kawaida, akainyanyua juani. Maji yalikuwa meupe kama kioo chenyewe. Hakusema kitu mbele ya dobi, lakini alipopita karibu na Bi Mashimo alitikisa kichwa kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma.

Ijumaa kituoni alikwangua vibaya. Alikata mnyoo vipande viwili, akauomba radhi kwa sauti, daktari akashangaa. Miaka thelathini na moja amekuwa akiusoma udongo wa watu wengine, na udongo wa nyumbani kwake, unaobeba maji anayokunywa yeye na mume wake, ameshindwa kuusoma. Jioni fundi aliizima cherehani yake, jambo ambalo halifanyi kabla ya kumaliza pindo, akakaa karibu naye. Bi Mashimo alimsimulia yote, rangi, sharti na chupa. Fundi akasema, "Nenda kamwambie dada mwenyewe, kabla hajaona majembe yanapita." Akaongeza kwamba anunue mkate, maana dada yake akiwa na kitu mdomoni hupunguza makali.

Kwa hiyo sasa umejua alikuja na nini Jumamosi ile, zaidi ya mkate.

Dobi alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni lake kubwa la plastiki, la buluu, akiandaa maji ya mwisho ya suuza. Hapo nguo nyeupe hutiwa ile buluu kidogo ya kufulia ili weupe wake uamke. Ni ufundi wa mkono. Ikizidi, nguo inakuwa kama mbingu. Ikipungua, inabaki na manjano. Dobi huyu, tangu Bi Mashimo ameolewa, huweka unga wake wa buluu kwenye kitambaa kilichofungwa fundo, anakichovya mara mbili, anakitikisa mara moja, anaongea na mtu huku anatazama pembeni. Hajawahi kukosea. Wafuaji wengine walikuwa wanakuja kutazama huo mtikiso.

Lakini asubuhi hiyo alikuwa ameshika kijiko cha chai. Alichota unga, akausawazisha kwa kidole, akakinyanyua kijiko karibu kabisa na jicho, akakigeuzia juani, akapunguza chembe, akatazama tena.

Bi Mashimo aliweka mkate juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yale aliyokuja kuyasema yalimtoka kichwani.

"Wifi, kitambaa chako kiko wapi?"

"Kimechoka."

"Kitambaa hakichoki. Tangu lini unapima kwa kijiko?"

"Tangu Jumanne," alisema dobi, kisha akaonekana kujuta kutaja siku.

Bi Mashimo akakaa chini, juu ya saruji iliyolowa, sketi na yote. Akamwuliza Jumanne kulitokea nini. Dobi akasema hakuna. Akaulizwa tena. Akasema watu wazima hawahojiwi uani kwao. Bi Mashimo akamega mkate akampa kipande. Dobi alikitafuna muda mrefu. Kisha akasimama, akaingia chumbani, na mwenzake akamfuata.

Kulikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na mashuka ya zahanati, kumi na mawili, yamekunjwa vizuri kama nguo za mtu aliyesafiri. Yalikuwa na buluu. Mengine yalikuwa na mabaka mazito, mengine kama yamepumuliwa tu.

Dobi alieleza akiwa amempa mgongo. Jumanne alichota maji alfajiri gizani kama kawaida, akayamimina kwenye beseni lilelile la buluu, akafua, akasuuza, akatia kitambaa, mara mbili na mara moja. Alipoyatundika jua lilikuwa bado changa na hakuona kitu. Yalipokauka akaona. Akayafua tena. Akayaloweka kwenye ndimu, maana kila dobi anajua buluu ya kufulia ikizidi, nguo hulowekwa kwenye kitu kichachu ikaondoka. Haikuondoka. Akarudia mara tatu. Watu wa zahanati aliwaambia mvua imechelewesha nguo. Akaanza kutumia kijiko.

"Nikajua ni macho," alisema. "Mama naye yalimwanza hivi. Kwanza rangi, halafu nyuso. Nikasema nisiwaambie, kaka yangu ataniletea msichana wa kunisaidia, halafu siku si nyingi atakuwa yeye ndiye dobi na mimi nakaa kwenye kiti." Akapangusa pua. "Hata ndimu, wifi. Hata ndimu imenisahau."

Bi Mashimo hakuwa anasikia vizuri. Alikuwa amelinyanyua shuka moja hadi dirishani. Buluu ya kufulia ina uzambarau kidogo ukiitazama juani. Hii ilikuwa na ukijani, kijani cha mbali sana. Akaweka kiganja chake juu ya baka. Mistari ya kiganja na baka la shuka vilikuwa rangi moja.

"Wifi," alisema, "tazama mkono wangu."

Dobi akatazama mkono, akatazama shuka, akatazama mkono.

"Macho yako ni mazima. Hii ni yangu."

Akamwambia yote palepale, wamesimama huku na huku ya kitanda, sharti lilivyokuwa na kikombe alichokunywa na ulimi uliomfungia ndani siku tatu. Alivyokuwa anaongea akaanza kucheka, kwa sababu alikuwa ameelewa: maji hayakungoja Alhamisi. Yalipata mvua, yakapata mlango, yakafika kisimani usiku mmoja, yakamkuta dobi na ndoo zake, yakapita. Chupa ya Bwana Afya ilikuja kupokea mgeni aliyeondoka juzi. Na yeye, anayewafundisha watu kwamba maji hayatembei sawasawa, alikuwa amekaa kwake akihesabu hatua zake kama yanatembea sawasawa.

Dobi hakucheka.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Sikujua yamefika."

"Ulijua umeyatuma. Siku nne nimekaa na haya chini ya kitanda. Siku nne najifunza kutembea chumbani nimefumba macho, nizoee. Na wewe uko mtaa wa pili, umefunga mdomo kwa ahadi."

Bi Mashimo alilikunja shuka alilokuwa ameshika. Alitaka kumwambia kwamba kama dobi angejua, Bwana Afya asingeamini. Lakini aliona kwamba maneno hayo, hata yakiwa kweli, hayakuwa na mahali pa kukaa chumbani mle. Akasema tu, "Nisamehe, wifi yangu."

"Kwanza tuokoe kisima," alisema dobi. "Kukusamehe kuna siku zake."

Jumatatu asubuhi walipanda mteremko pamoja, kila mmoja na kapu la mashuka. Waliyatundika kwenye uzio wa zahanati, na hapo dobi ndiye aliyeongoza, maana alijua mpangilio: hili la kwanza kufuliwa, hili la pili, mpaka la kumi na mbili. Anakumbuka kila shuka kwa viraka vyake. Ukiyatazama kuanzia kushoto, la kwanza lilikuwa na buluu kiasi, la tatu na la nne mazito kabisa, kisha inafifia, inafifia, hadi la mwisho ambalo karibu ni jeupe. Yalikuwa kama saa iliyotandazwa.

Bwana Afya alitoka na chupa yake mkononi. Alitazama kwa muda, akasema kwa upole wake kwamba, kwa heshima zote, mama ni dobi, na dobi ana buluu yake mwenyewe.

Dobi alikuwa anamngojea hapo. Akatoa kwenye kapu kitambaa cheupe alichokitia buluu ya kufulia makusudi hadi kikaiva, na bakuli la ndimu. Akazamisha kitambaa humo, na pembe ya shuka la nne pamoja nacho. Akamwambia Bwana Afya kwamba yeye ana saa, basi ahesabu. Wakakaa kwenye ngazi za zahanati. Wagonjwa wawili na muuguzi mmoja wakaja kuangalia. Kitambaa kilianza kupauka, kikapauka, mpaka buluu yake ikabaki kwenye pindo tu. Pembe ya shuka ilikuwa vilevile.

"Miaka yangu ya kufua," dobi alimwambia, "hakuna buluu yangu iliyoshinda ndimu. Hiyo si yangu, mwanangu. Hiyo imeshuka kutoka kwako."

Bwana Afya akavua kofia. Nasema hakuwa mtu mbaya. Aliomba tu kuona kwa macho yake, na Bi Mashimo akashusha jembe. Alichimba pembeni ya kisiki, akaingia hadi mabegani, kisha akachomoa kisu. Udongo wa juu ulikuwa mkavu na wa kahawia, kimya kabisa. Alikwangua. Kahawia. Akakwangua tena, na pale ambapo mzizi wa kisiki ulikuwa umeoza ikatokea buluu, duara dogo kama kitufe cha koti. Aliifuata. Ilishuka, ikapinda, ikakutana na tabaka gumu la chini, ikalala juu yake na kuelekea mteremkoni moja kwa moja, kama mtu aliyetumwa na anajua nyumba. Kando yake, huku na huku, udongo haukuwa hata na unyevu. Bwana Afya alishuka shimoni na suruali yake ya kazi, akaingiza kidole kwenye tundu, kikazama chote. Alikaa hivyo kwa muda, kidole kikiwa ndani ya mzizi.

Shimo la maji machafu lilichimbwa upande wa pili wa zahanati, kwenye uwanda usio na mti wala kisiki, mteremko ukielekea kwingine. Mara hii Bwana Afya alipima mahali palepale anapochimba, tena alimwita Bi Mashimo akashike saa.

Lakini usidhani dobi alipata ushindi mtupu. Watu waliona mashuka yametundikwa, na hawakuona mengine. Wapo wateja wawili waliopeleka nguo zao kwingine kwa miezi kadhaa, wakisema kisima chake kina rangi. Na yeye mwenyewe, sasa akijua kwamba kila kinachomwagwa kwenye mikaratusi kinaweza kumfikia kabla ya chai, anachemsha maji ya kunywa na kuwafukuza wenye mbuzi wanaokuja kufunga kule juu. Kijiko amekirudisha jikoni. Kitambaa kipo, mara mbili na mara moja, anaongea huku anatazama pembeni.

Mashuka kumi na moja zahanati iliyachukua hivyohivyo. Akina mama wa wodi mpya huyapenda, wanasema yana ubaridi. La nne, lile zito, dobi alilibakiza. Alimpelekea kaka yake akalishona pazia, na pazia hilo sasa limetundikwa kwenye dirisha la Bi Mashimo, mahali ambapo lazima alisogeze kila asubuhi aone nje. Fundi anasema ni zawadi. Bi Mashimo anasema anaijua tabia ya wifi yake.

Wanaamkiana kama zamani. Umekuja kwangu au kwa udongo. Lakini siku moja, wamekaa wanakula mkate, dobi alimwuliza bila hasira kabisa: kama asingekiona kile kijiko, na chupa ya Jumatatu ingekuwa nyeupe kama ya Alhamisi, na majembe yakapita, na yeye angeendelea kuamini kwamba anapofuka, je, angekuja kumwambia kuhusu ile rangi, au angeona haya ya kushindwa na kuiacha ipotee na maji?

Bi Mashimo alitazama chini, pale maji ya kufulia yalipomwagwa, akayafuata kwa macho hadi yalipoingia ardhini. Ni kweli alikuja Jumamosi ile akiwa na maneno kooni. Lakini yeye mwenyewe hajui kama mkate ungeyatoa yote, au nusu tu, lile la majembe, na lile la rangi likabaki. Hajamjibu mpaka leo. Wewe ungemjibuje?